Umbali wa Angani na Saa za Safari Kati ya Miji Miwili ya Mbali: Piga Hesabu Mwenyewe

Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, London, hadi ule wa Haneda, Tokyo, ni kilomita 9,591. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani huenda kama kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya unapata saa 10 na dakika 39. Sasa fungua ratiba ya shirika linaloruka njia hiyo bila kutua popote: utakuta saa 14 hivi. Saa tatu na ushee zimekwenda wapi?

Tovuti za kupimia umbali hukupa tarakimu mbili, kilomita na saa, kisha zinakuacha hapo. Ya kwanza kwa kawaida ni sahihi. Ya pili mara nyingi ni mgawanyo mtupu kama huo wangu wa juu, na mtu akipanga mkutano au ndege ya pili kwa kuitegemea, imekula kwake. Hapa chini nitaifuata njia ya London na Tokyo mpaka zile saa tatu zionekane. Wewe weka miji yako, hatua hazibadiliki.

Hatua ya 1: Anza na uwanja, si mji

Mji mkubwa huwa na viwanja viwili, vitatu au zaidi. Tokyo ina Haneda (HND), kilomita 15 hivi kutoka katikati ya mji, na Narita (NRT), kilomita 60 hivi. London ina Heathrow (LHR), Gatwick (LGW) na vingine kadhaa. Ukiandika TYO au LON kwenye tovuti ya tiketi, hizo ni herufi za mji mzima, na utaletewa viwanja vyote kwa mkupuo. Angani tofauti ya Haneda na Narita si kitu. Chini ni saa nzima, na nauli ya treni juu yake. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote, andika herufi tatu za uwanja wa kuondokea na tatu za uwanja wa kufikia.

Hatua ya 2: Pima kwenye tufe, achana na ramani ya ukutani

Ramani nyingi za ukutani ni za mtindo aliobuni mchora ramani Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Nahodha alitaka mstari ulionyooka kwenye karatasi uwe mwelekeo mmoja wa dira, na hilo alilipata. Bei yake ni kwamba nchi zilizo karibu na ncha za dunia huvimba. Greenland huonekana kama inalingana na Afrika, ilhali Afrika inaishinda kwa ukubwa mara 14 hivi. Ukipiga rula London mpaka Tokyo kwenye ramani hiyo, kisha ukaufuata mstari huo duniani, utasafiri zaidi ya kilomita 11,300.

Jaribu badala yake tufe la darasani, lile la kipenyo cha sentimita 30. Bana ncha ya uzi juu ya London kwa kidole gumba, uvute mpaka Tokyo, ukaze. Utaona uzi haukubali kukaa juu ya Uturuki na China. Unateleza wenyewe kwenda juu, unakata Norwei na Uswidi, unaingia Aktiki hadi karibu latitudo ya 71, halafu unashuka na Siberia mpaka Japani. Hiyo ndiyo njia fupi. Wanahesabu huiita duara kuu, kwa kuwa ukiuendeleza uzi huo utaizunguka dunia na kuikata nusu kwa nusu. Pima uzi kwa rula: sentimita 22 na nusu hivi. Kwenye tufe la ukubwa huo kila sentimita moja ni kama kilomita 425, kwa hiyo una kilomita 9,560. Kwa uzi wa kushonea, si haba.

Ukitaka tarakimu kamili, tafuta latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili (ramani yoyote ya simu inakupa) na kikokotoo chenye vitufe vya sin na cos. Kanuni ni hii (lat1 na lat2 ni latitudo za viwanja viwili, d ni umbali kwa nyuzi):

cos(d) = sin(lat1) × sin(lat2) + cos(lat1) × cos(lat2) × cos(tofauti ya longitudo)

Heathrow iko latitudo 51.47 na longitudo −0.45. Haneda iko 35.55 na 139.78. Kusini mwa ikweta latitudo huwekewa alama ya kutoa, na magharibi ya Greenwich longitudo vivyo hivyo. Hapo ndipo wengi hukosea. Tofauti ya longitudo kwetu ni 139.78 toa −0.45, yaani 140.23, wala si 139.33.

Sehemu ya kwanza ya kanuni inatoa 0.4548. Ya pili inatoa −0.3895. Jumla ni 0.0653. Bonyeza cos⁻¹ upate nyuzi 86.256. Kila nyuzi moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.195, kwa hiyo zidisha: kilomita 9,591. Kikokotoo kikikuletea kitu cha ajabu, kwanza angalia kama kimewekwa kwenye nyuzi na si kwenye radiani.

Dunia si mpira kamili. Mzingo wake kwenye ikweta ni kilomita 40,075, na ukipitia kwenye ncha ni 40,008. Kanuni hii inaichukulia kuwa mpira, lakini kosa lake ni dogo, nusu ya asilimia au chini. Mzingo huo unakupa pia kipimo cha kukagua kazi yako: hakuna miji miwili duniani iliyoachana kwa zaidi ya kilomita 20,000 na kitu. Ukipata 24,000, rudi mwanzo.

Jambo moja la vipimo. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni kilomita 1.852, na Wamarekani hutumia maili za nchi kavu, kilomita 1.609. Safari yetu ni 5,179 kwa maili za kwanza na 5,960 kwa za pili. Mtu akikutajia maili tu, muulize zipi.

Hatua ya 3: Geuza kilomita kuwa saa

Zile 900 kwa saa zinatokana na sauti. Kwenye mita 11,000 juu, ambako baridi hufika nyuzi 56.5 chini ya sifuri, sauti husafiri kilomita 1,062 kwa saa. Ndege kama Boeing 787 na Airbus A350 huruka kwa asilimia 85 ya mwendo wa sauti, na hiyo ni kilomita 903. Ndege ndogo zaidi, zenye njia moja tu katikati ya viti, kama 737 na A320, huenda kwa asilimia 78 hivi, karibu kilomita 830. Kwa hiyo kwa safari ya bara hadi bara gawanya kwa 900, na kwa safari fupi za ndege ndogo gawanya kwa 830.

Kisha ongeza dakika 40. Ndege haiondoki getini ikiwa na mwendo wa 900. Inasukumwa nyuma, inajikokota hadi kwenye njia ya kurukia, inangoja zamu, inapanda kwa karibu nusu saa, na mwisho wa safari inapunguza mwendo na kujipanga foleni ya kutua. Saa za kwenye ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoachia geti hadi inapoegeshwa kwenye geti jingine, si tangu magurudumu yanapoacha ardhi.

London na Tokyo sasa ni saa 11 na dakika 20 hivi. Bado hatujazifikia 14.

Hatua ya 4: Tia upepo

Mabaharia wana neno la upepo unaokuja usoni, upepo wa mbisho, na angani nao upo. Juu ya latitudo za kati, kwenye kimo kile kile cha ndege za abiria, unapita mto wa upepo unaokwenda magharibi hadi mashariki. Siku za baridi kali kasi yake huweza kuzidi kilomita 300 kwa saa. Ukielekea mashariki unakusukuma, ukielekea magharibi unakuzuia. Ndiyo maana New York hadi London ni kama saa 7 kwenye ratiba, na kurudi ni kama 8, ingawa kilomita ni zile zile 5,540.

Februari 2020, dhoruba Ciara ilipokuwa inaikaribia Uingereza, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Mwendo wake juu ya ardhi ulipita kilomita 1,300 kwa saa. Haikupita mwendo wa sauti, maana ndani ya hewa iliyokuwamo ilikuwa inaenda kama kawaida. Hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa inakimbia, na ndege ikabebwa kama mtumbwi kwenye mto.

Watu husema upepo wa kwenda na wa kurudi hufutana. Haufutani. Chukua hizo kilomita 5,540 na upepo wa 100 kwa saa. Kwenda ukiwa nyuma yako unaruka kwa 1,000: saa 5 na dakika 32. Kurudi unaruka kwa 800: saa 6 na dakika 56. Jumla saa 12 na dakika 28, ambapo bila upepo kabisa ingekuwa saa 12 na dakika 19. Unaonewa na upepo kwa muda mrefu kuliko unavyosaidiwa.

Kwa makadirio ya mezani, safari ndefu ya kwenda mashariki punguza nusu saa, ya magharibi ongeza nusu saa hadi saa nzima. Safari ya kaskazini hadi kusini iache ilivyo.

Hatua ya 5: Tafuta njia inayorukwa kweli

Hapa ndipo zilipo saa zetu zilizopotea. Uzi uliokazwa juu ya tufe ulipita Siberia. Tangu Februari 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi nyingi za Ulaya na Urusi zimefungiana anga, na mashirika ya Japani nayo yakaacha kupita huko. Kabla ya hapo London hadi Tokyo ilikuwa chini ya saa 12, karibu kabisa na hesabu yetu ya hatua ya 3. Sasa ndege huzunguka: ama kwa kusini, kupitia Uturuki, Asia ya Kati na China, ama kwa juu, kupitia Alaska na Greenland. Saa mbili za ziada angani ni kama kilomita 1,800 za kuzunguka. Helsinki imeumia zaidi, kwani safari yake ya Tokyo ilikuwa saa 9 na nusu hivi, ikawa kama 13.

Na wala si mara ya kwanza. Wakati wa Vita Baridi anga ya Urusi ilikuwa imefungwa vilevile kwa mashirika mengi ya Magharibi. Mwaka 1957 shirika la ndege la Skandinavia, SAS, lilianza kuruka Copenhagen hadi Tokyo kwa kupitia juu ya Aktiki, likitua Anchorage, Alaska, kujaza mafuta. Kwa miaka mingi Anchorage ilijaa abiria wa Ulaya na Japani waliokuwa hawana shughuli yoyote Alaska.

Vita si sababu pekee ya ndege kuacha duara kuu. Ndege ya injini mbili hairuhusiwi kwenda mbali kuliko muda fulani kutoka uwanja inaoweza kukimbilia injini moja ikizima. Kiwango cha kawaida cha njia za baharini ni dakika 180, na A350 iliidhinishwa hadi 370. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, ramani ya njia huchorwa upya mara mbili kila siku kwa kufuata upepo, za mchana zikielekea magharibi na za usiku mashariki. Dhoruba pia huzungukwa. Rubani hatafuti kilomita chache, anatafuta saa chache na mafuta machache, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Huhitaji kuyakisia yote haya. Chukua namba ya ndege unayoifikiria, iingize kwenye tovuti ya kufuatilia ndege kama Flightradar24, uone ilichukua muda gani siku chache zilizopita na mchoro wake ulipita wapi. Kwangu mimi safari tano za juzi zina uzito kuliko ratiba, kwa kuwa mashirika huongeza dakika za akiba kwenye ratiba ili yaonekane yamewahi.

Hatua ya 6: Soma tiketi kwa UTC

Saa zote za kwenye tiketi ni za mahali ndege ilipo: ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea, ya kufika ni ya mji wa kufikia. Ukizitoa moja kwa moja utapata upuuzi. Zirudishe zote kwanza kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa ambayo saa za nchi zote hupimwa kwayo.

Tuseme unaondoka London tarehe 10 Julai 11:00, unafika Tokyo tarehe 11 Julai 09:00. Julai London iko saa moja mbele ya UTC, kwa hiyo 11:00 ni 10:00 UTC. Tokyo iko saa 9 mbele mwaka mzima, kwa hiyo 09:00 ni 00:00 UTC ya tarehe 11. Kutoka 10:00 hadi 00:00 ni saa 14. Kurudi, unaondoka Tokyo 10:00 na kufika London 16:30 siku hiyo hiyo. Kwa macho ni saa 6 na nusu. Kwa UTC ni 01:00 hadi 15:30, saa 14 na nusu.

Angalia majira ya kusogeza saa. Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katika zile siku za Machi na za Oktoba hadi Novemba ambapo upande mmoja umesogeza na mwingine bado, London na New York huachana kwa saa 4 badala ya 5. Na ukivuka mstari wa tarehe wa Pasifiki usishtuke: unaweza kuondoka Tokyo 17:00 ukafika Los Angeles 11:00 ya siku ile ile, kabla ya saa uliyoondokea.

Sasa mtego unaotunasa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi ikisema 00:25 tarehe 14, hiyo ni saa sita na dakika 25 usiku, na kwa mazungumzo yetu huo bado ni usiku wa tarehe 13. Uwanjani unatakiwa jioni ya 13. Mimi nilikwenda jioni ya 14, begi limefungwa vizuri, nimewahi saa tatu kabla. Yule dada wa kaunta aliitazama tiketi, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Kaka, hii ilishaondoka jana." Tangu siku hiyo kila ndege ya kati ya 00:00 na 03:00 naiandika kwenye kalenda kwa tarehe ya jioni yake.

Hatua ya 7: Kama unabadilisha ndege, pima mchepuko

Kwanza, neno. Ndege ya "moja kwa moja" inaweza kutua njiani na kuendelea kwa namba ile ile. Ukitaka isiyotua, angalia idadi ya vituo kwenye tiketi.

Kwa njia yenye kituo, pima vipande viwili, vijumlishe, kisha linganisha na duara kuu. London hadi Sydney ni kama kilomita 17,000. Kupitia Singapore jumla ni kama 17,170, yaani kituo kiko karibu kabisa juu ya uzi. Kupitia Dubai ni kama 17,500, nusu saa zaidi angani. Lakini Dubai hiyo hiyo ukiitumia kwenda Tokyo, 9,591 zinakuwa karibu 13,500. Kituo kizuri kwa safari moja ni hasara kwa nyingine, na tiketi ya bei nafuu haitakwambia.

Muda wa kungoja ndio unaokula siku. Kila uwanja una muda wa chini wa kuunganisha, na tovuti itakuuzia tiketi inayougusa tu huo wa chini. Mimi sichukui chini ya saa 2 kwa safari za kimataifa, na saa 3 kama nabadilisha jengo. Tiketi ikiwa moja kwa vipande vyote, ukichelewa kwa kosa la ndege ya kwanza shirika hukutafutia nyingine. Tiketi zikiwa mbili zilizonunuliwa mbalimbali, ya pili imepotea na begi utalichukua na kulikabidhi upya mwenyewe. Hakikisha pia kama nchi ya kituo inataka viza hata kwa anayepita. Marekani, kwa mfano, humpitisha kila abiria uhamiaji hata kama anaendelea na safari.

Hatua ya 8: Hesabu mlango hadi mlango

London hadi Tokyo, Julai, ndege isiyotua: saa 1 kutoka nyumbani hadi Heathrow, saa 3 za kukabidhi mizigo na kukaguliwa, saa 14 za ratiba, saa 1 na nusu ya uhamiaji na mkanda wa mizigo, dakika 45 kutoka Haneda hadi kitandani. Saa 20 na robo. Ondoka mlangoni 07:00 asubuhi ya tarehe 10 na utaingia hotelini 11:15 ya tarehe 11, muda ambao hoteli nyingi bado hazijafungua vyumba kwa wageni wapya. Waandikie mapema uulize kama unaweza angalau kuacha begi.